Safari ya Nairobi mpaka New York: Masafa Yake na Saa Zake

Palikuwa na mama mmoja mjane katika mji wa Nakuru, naye alikuwa na watoto wawili. Binti yake mkubwa alipata nafasi ya kusoma kazi ya uuguzi mjini New York, katika nchi ya Marekani. Mwezi wa Januari mwaka 2019 binti huyo akafunga mizigo yake, akaagana na jamaa zake, akapelekwa Nairobi kupanda ndege. Kabla ya kuondoka alimwachia mama yake karatasi yenye habari za safari, akamwambia, "Mama, nikishuka tu nitakupigia simu. Usilale na wasiwasi."

Karatasi ilisema hivi: Kuondoka Nairobi, 23.25. Kufika New York, 06.25. Mama hakuizoea hesabu ya saa ianzayo usiku wa manane, basi akamwita mwanawe wa kiume, mwanafunzi wa darasa la saba, amfafanulie. Mtoto akasema, "Hiyo ishirini na tatu ni saa tano ya usiku, Mama. Na hiyo sita ni saa kumi na mbili ya asubuhi." Maneno hayo yalikuwa kweli kabisa. Mama akahesabu kwa vidole: tokea saa 5.25 usiku hata saa 12.25 asubuhi ni saa saba. Akasema moyoni, "Kumbe Marekani si mbali kama watu wasemavyo."

Siku ya safari mama hakupata usingizi. Alfajiri aliwasha moto, akapika chai, akaketi na simu mapajani. Saa 12.25 ikafika, ikapita. Saa moja ikapita. Saa mbili alijaribu kumpigia binti yake, lakini simu ile ilikuwa imezimwa. Saa tatu majirani wawili walikuwa wamekwisha kuja, wameketi kimya kama watu waketivyo matangani. Na mmoja wao akaanza kusimulia ajali ya ndege aliyoisikia katika redio, jambo ambalo halikumfaa mtu yeyote saa ile.

Kijana alipoyaona machozi ya mama yake alitoka mbio, akaenda kwa mzee mmoja wa mtaa ule ambaye zamani alikuwa mwalimu wa jiografia. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akatwaa tufe lake la dunia pamoja na uzi, wakafuatana.

"Hodi, Mama!"

"Karibu, Mwalimu. Umenikuta katika taabu."

Mzee akaomba aione karatasi. Hakuzitazama saa kwanza. Alitazama chini kabisa, palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba kila saa iliyotajwa ni ya mahali pale ndege ilipo. Akatabasamu. Akasema, "Mama, binti yako hajachelewa hata kidogo. Yu angani sasa hivi, juu ya bahari, karibu na visiwa vya Azores. Atashuka saa nane na dakika ishirini na tano ya mchana, kwa saa yako hii ya ukutani."

Mama akamwuliza, "Umejuaje, Mwalimu, nawe hukupigiwa simu na mtu?"

"Kwa hesabu tu, Mama," akajibu mzee, akaliweka tufe mezani.

Hesabu hiyo ndiyo somo hili, na kila mwanafunzi ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya.

Jambo la kwanza ni masafa. Dunia ni mviringo kama chungwa, na mzunguko wake ni yapata kilometa 40,000. Wataalamu wameugawanya mzunguko huo katika sehemu 360 ziitwazo digrii. Kwa hiyo kila digrii moja ni kilometa 111 hivi. Twaeni uzi, shikeni ncha moja penye Nairobi na ncha ya pili penye New York, kisha uvuteni hata ukaze. Uzi huo huchukua digrii 106 na nusu. Zidisheni kwa 111, mtapata kilometa 11,800 na kidogo zaidi. Na wapimao kwa uangalifu mkubwa hupata yapata 11,840. Barabara ya Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilometa 480. Basi aendaye New York ni kama mtu aliyesafiri kati ya Nairobi na Mombasa mara ishirini na nne, na bado hajamaliza.

Sasa tazameni mahali uzi unapopita. Kijana yule alidhani njia itakwenda moja kwa moja upande wa magharibi, maana katika ramani ya ukutani Marekani iko magharibi. Lakini uzi ulielekea kati ya kaskazini na magharibi. Ukapita Uganda na Sudan Kusini, ukapita Chad na jangwa kubwa la Sahara, nchi za Niger na Algeria, ukatoka pwani ya Morocco, ukaingia Bahari ya Atlantiki. Huko ukapita karibu na Azores, ukazidi kupanda kaskazini kuliko New York yenyewe, kisha ukashuka kidogo mpaka mwisho wa safari.

Wanafunzi wengi hushangaa hapa. Mtu akichora mstari ulionyoka kwa rula katika ramani ya namna ya Mercator, ambayo huonekana mara nyingi katika kuta za madarasa, mstari huo utapita Nigeria na Mali na kuingia baharini katika pwani ya Mauritania. Waonekana kuwa mfupi, nao ni mrefu kuliko njia ya uzi kwa yapata kilometa 350. Kosa si la rula. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, na hakuna awezaye kulitandaza ganda la chungwa mezani bila kulipasua au kulivuta. Ramani hiyo huzivuta nchi za kaskazini zikaonekana kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo masafa marefu hupimwa katika tufe, si katika ukuta. Lakini isidhaniwe kwamba rubani huufuata uzi kama treni ifuatavyo reli. Huacha njia kidogo huku na huku kwa ajili ya dhoruba, au upepo, au nchi ambazo si salama kupita juu yake.

Jambo la pili ni mwendo. Ndege itumiwayo katika safari hii ni ya aina ya Boeing 787. Ikiwa angani juu kabisa, na hewa imetulia, huenda yapata kilometa 900 kwa saa. Gawanyeni 11,840 kwa 900: jibu ni saa 13 na dakika 9. Lakini shirika la Kenya Airways lilipoitangaza safari hii mwaka 2018 lilisema kwamba kwenda kutachukua saa 15 na kurudi yapata saa 14. Je, saa zile zilizozidi hutoka wapi, na kwa nini kwenda na kurudi havilingani, hali njia ni ile ile?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni nyepesi. Ndege haipati mwendo wake wote mara moja. Hutembea polepole chini, hungoja zamu yake, hupanda muda mrefu, na mwisho hushuka taratibu. Nairobi nayo ina shida yake. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,600, na hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha ya kuinua mzigo upesi, na mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi zaidi. Ndege ya aina hiyo, katika umbo lake dogo la 787-8, yaweza kuwa na uzito wa tani 228 inapoanza kuruka, na matangi yake huchukua lita 126,000 za mafuta. Mafuta peke yake, matangi yakijaa, hukaribia tani 100! Basi ubaridi wa usiku ni msaada mkubwa kwa ndege nzito itokayo Nairobi. Kiwanja cha John F. Kennedy cha New York kiko karibu kabisa na usawa wa bahari, wala hakina shida hiyo.

Sehemu ya pili ya jibu ni upepo, na hapo ndipo penye maarifa. Watu wa pwani wamejua tangu kale kwamba safari ya chombo haihesabiwi kwa masafa peke yake. Nahodha wa jahazi aliyetaka kuja Mombasa kutoka Arabuni alingoja kaskazi, na aliyetaka kurudi alingoja kusi. Asiyengoja alichoka bure. Angani nako kuna upepo mkuu. Kwa urefu wa kilometa 10 hivi, katika nchi zilizo kati ya joto la ikweta na baridi ya kaskazini, kuna mito ya hewa iendayo kwa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Huzaliwa na tofauti ya joto na baridi pamoja na kuzunguka kwa dunia, na wakati wa baridi ya Ulaya na Marekani huzidi nguvu. Mara nyingine mwendo wake hupita kilometa 200 kwa saa.

Fanyeni mfano. Chukueni sehemu ya bahari ya kilometa 5,600, na upepo wa kilometa 100 kwa saa. Ndege iendayo magharibi hupambana na upepo huo usoni, hata mwendo wake juu ya nchi ukawa 900 kutoa 100, yaani 800. Gawanyeni 5,600 kwa 800: ni saa 7 kamili. Ndege irudiyo husukumwa mgongoni, nayo huenda 1,000 kwa saa, ikaimaliza bahari ile ile kwa saa 5 na dakika 36. Tofauti ni saa 1 na dakika 24, na abiria aliyeketi ndani hasikii upepo wowote. Mkuu wa ndege hutazama habari za upepo kabla ya kuondoka, maana muda ukizidi mafuta nayo huzidi.

Wazee waliokuwako zamani za eropleni za kwanza wangeona saa 15 kuwa kama kufumba na kufumbua. Mwaka 1931 shirika la Waingereza lililoitwa Imperial Airways lilianza kuchukua barua kutoka London mpaka Mwanza, na safari hiyo ilichukua yapata siku kumi, kwa kuwa ndege zilisimama mara nyingi na kulala njiani. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda vyuo vya Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Hao nao walisimama njiani. Hata miaka mingi baadaye msafiri wa Kenya alibadili ndege Ulaya au katika nchi za Ghuba. Ndege ya kwanza ya kwenda New York pasipo kusimama iliruka tarehe 28 Oktoba 2018. Wala hiyo siyo safari ndefu kuliko zote: kutoka Singapore mpaka New York ni zaidi ya kilometa 15,300, na ndege hukaa angani zaidi ya saa 18.

Limebaki jambo la tatu, lile lililomliza mama wa Nakuru, nalo ni saa zenyewe. Dunia huzunguka mara moja, yaani digrii 360, katika saa 24. Gawanyeni, mtaona kwamba kila saa moja huzunguka digrii 15. Jua linapowachomozea watu wa Nairobi, watu wa New York wangali katika giza, kwa kuwa upande wao haujafika mbele ya jua. Nairobi iko karibu digrii 37 mashariki ya mstari wa Greenwich, na New York karibu 74 magharibi yake. Jumla ni 111. Gawanyeni kwa 15, mtapata saa 7 na dakika 24. Hiyo ndiyo tofauti ya jua.

Lakini watu hawawezi kuwa na saa ya kila kijiji, hivyo serikali huchagua saa moja kwa nchi au jimbo zima. Kenya, Uganda na Tanzania hufuata saa ya digrii 45 mashariki, ndiyo sababu jua la Nairobi huchomoza saa 12 kamili imekwisha kupita. New York hufuata saa ya digrii 75 magharibi. Arobaini na tano na sabini na tano ni 120. Gawanyeni kwa 15, ni saa 8 kamili. Na kuna jambo moja zaidi liwachanganyalo wageni: kila mwaka, mwezi wa Machi, watu wa New York husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na mwezi wa Novemba huzirudisha. Kwa hiyo tofauti ni saa 8 wakati wao wa baridi, na saa 7 wakati wao wa joto.

Mzee alipokwisha kueleza hayo alimpa kijana kalamu. Kijana akaandika: kuondoka saa 5.25 usiku, ongeza saa 15, ni saa 8.25 mchana kwa saa ya Nakuru. Toa saa 8. Ni saa 12.25 asubuhi kwa saa ya New York. Akaitazama ile karatasi ya safari, akaona hesabu yake na karatasi vinapatana. Akainamisha kichwa, maana alikumbuka kwamba ni yeye aliyemsomea mama yake saa hizo, akazisoma sawasawa, asiulize ni saa za wapi.

"Na hapo Azores, Mwalimu, umepajuaje?" akauliza mama.

"Masafa yote ni kilometa 11,840, nazo huchukua saa 15. Wastani wake ni karibu 790 kwa saa. Nilipoingia hapa ilikuwa saa tatu. Ndege ilikuwa imekwenda saa tisa na nusu hivi, yaani kama kilometa 7,500. Nimeupima uzi nikaona ni pale. Huenda nimekosea kwa kilometa mia chache, kwa kuwa upepo sikuuona. Na jambo jingine, Mama: binti yako hajaliona jua tangu jana jioni. Lilipochomoza hapa Nakuru alikuwa juu ya jangwa, gizani. Anakimbia magharibi, na alfajiri inamfuata nyuma. Ndege itatua kabla jua halijachomoza New York. Huu ni usiku wake mmoja, wa saa kumi na tano na zaidi."

Majirani waliposikia hivyo mmoja aliinuka akaenda kuanua nguo zake. Yule mwingine, mwenye habari za ajali, alibaki, akaomba chai.

Saa 8.25 ikafika, simu ikanyamaza. Mama akamtazama mzee. Mzee akasema, "Kuna foleni ya kuonyesha hati za safari, na kuna mizigo. Ngoja." Saa tisa na dakika kumi simu ikalia. "Mama, nimefika salama. Huku ndiyo kwanza kunapambazuka, na baridi yake haisemeki."

Mwezi wa Julai binti alikuja likizo. Siku ya kuondoka New York alipiga simu, akasema ndege itaruka saa saba ya mchana kwa saa ya huko. Mama hakuhesabu kwa vidole, alimwita mwanawe. Kijana akauliza kwanza, "Ni majira ya joto kwao, sivyo?" kisha akaandika: saa 7 mchana, ongeza saa 7, ni saa 2 usiku kwetu, ongeza saa 14 za njiani. Akampa mama karatasi. Mama akalala vizuri, akaamka alfajiri, akapanda gari la kwanza la kwenda Nairobi.

MASWALI

1. Kijana aliandika saa gani ya ndege kutua Nairobi mwezi wa Julai? Onyesheni hesabu.
2. Ikiwa ndege huenda kilometa 900 kwa saa na upepo wa kilometa 150 kwa saa unaipiga usoni, itachukua muda gani kupita kilometa 3,000 za bahari?
3. Kwa kutumia tufe na uzi, pimeni digrii kati ya Dar es Salaam na London, kisha tafuteni kilometa zake.
4. Mtu aliye New York mwezi wa Desemba ataka kumpigia simu mama yake Nakuru saa 1 jioni kwa saa ya Nakuru. Apige saa ngapi kwa saa ya New York?
5. Kwa nini mstari wa rula katika ramani ya ukutani si njia fupi kuliko zote?